Dunwich: bandari ilikufa kwanza, mji ukafuata

Ukiuliza habari za Dunwich, kijiji cha Suffolk kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, utasimuliwa hivi: hapo kale palikuwa na jiji kubwa kama London, lenye makanisa 52 na malango ya shaba, usiku mmoja bahari ikafura, ikalimeza lote, na hata leo, dhoruba ikivuma, kengele za makanisa yale husikika zikilia chini ya maji. Ni hadithi tamu, tena inaleta wageni. Lakini karibu kila kipande chake kina walakini, na kilichotokea kweli kinastaajabisha kuliko hadithi yenyewe.

Dunwich ya leo ina wakazi wasiofika 200. Ina mtaa mmoja mkuu, kanisa moja, baa ya zamani iitwayo The Ship, makumbusho madogo, magofu ya nyumba ya watawa, na ufuo wa kokoto wenye mkahawa unaouza samaki na chipsi. Gati hakuna, bandari hakuna. Mpita njia asiyejua historia yake angekiona ni kijiji kama vingine.

Miaka 750 iliyopita hapo palikuwa na mojawapo ya bandari tajiri za mashariki ya Uingereza. Ili kuelewa ilivyotoka kule ikafika hapa, inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo hadithi ya usiku mmoja huyachanganya: kufa kwa bandari, kuporomoka kwa ardhi, na kufutwa kwa mji katika vitabu vya serikali. Bandari ilikufa mwaka 1328. Ardhi imekuwa ikiporomoka kwa zaidi ya miaka 900, na kazi hiyo haijakwisha. Kwenye karatasi, Dunwich iliendelea kuhesabiwa mji hadi 1886. Kila kifo kilikuwa na saa yake.

Mji ulioinuka juu ya ardhi inayoliwa

Tuyamalize kwanza ya makanisa. Hakuna rekodi inayotaja 52. Makanisa ya parokia yanayojulikana ni manane hivi, na ukiongeza nyumba za watawa, makanisa madogo na hospitali mbili, majengo ya dini yanakaribia 20. Kwa mji wa zama zile hiyo si idadi ya kubezwa, haikuhitaji kutiwa chumvi.

Ule "ukubwa wa London" nao una asili yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walipopima eneo la mji uliozama walipata kama kilomita za mraba 1.8, jambo linaloiweka Dunwich karibu na London ya ndani ya kuta kwa eneo la ardhi. Eneo si watu. Mnamo mwaka 1300 London huenda ilikuwa na wakazi 80,000. Dunwich ilipofika kilele chake, makadirio mengi ni kati ya 3,000 na 5,000. Kutoka "eneo linalokaribiana na la London" hadi "jiji kubwa kama London" ni hatua fupi, na wengi wameiruka bila kutazama chini.

Asili ya mji yenyewe ina mabishano. Katika karne ya 7 askofu Felix alifika kuwahubiria watu wa ufalme wa Anglia Mashariki, akapewa makao mahali palipoitwa Dommoc. Mapokeo ya muda mrefu yanasema Dommoc ndiyo Dunwich. Wapo wanahistoria wanaosema hapana, ilikuwa ngome ya Kirumi karibu na Felixstowe, kusini zaidi, ambayo nayo imekwenda na maji. Kwa kuwa mahali pote pawili pamo baharini, shauri hilo si rahisi kulifunga.

Ushahidi wa kutegemeka unaanza mwaka 1086, nchi nzima ilipoandikishwa kwa amri ya Mfalme William. Makarani wake walilinganisha hali ya Dunwich ya mwaka 1066 na ile waliyoikuta. Mwanzo palikuwa na waungwana wa mji 120. Sasa wamefika 236, pamoja na maskini 178. Kanisa lilikuwa moja. Sasa yapo matatu. Kodi ya mfalme ilikuwa pauni 10. Sasa ni pauni 50, na juu yake zaidi ya samaki 60,000 aina ya heringi, jamaa wa dagaa na simu lakini wakubwa zaidi, wanaopita Bahari ya Kaskazini kwa makundi makubwa kila vuli. Kisha karani akaongeza jambo moja kwa maneno machache: ardhi ya kulima ilikuwa sehemu mbili, sasa imebaki moja, nyingine bahari imeichukua.

Msomaji azitazame hizo taarifa mbili kwa pamoja. Katika miaka 20 mji umepoteza nusu ya mashamba yake, na katika miaka hiyohiyo umekaribia kuongezeka maradufu. Kumbe watu wa Dunwich walijua tangu mwanzo kwamba ardhi yao inaliwa, wala hawakuhama. Riziki yao haikutoka shambani. Ilitoka kwenye mlango wa bahari, na kwa muda wote ambao mlango huo ulikuwa wazi, kupoteza shamba lilikuwa jambo la kusikitisha tu.

Bandari ilikaa pale mito Blyth na Dunwich ilipokutana na kumwaga maji baharini, nyuma ya ulimi mrefu wa kokoto ulioitwa Kingsholme. Ulimi huo uliwakinga mabaharia na mawimbi ya wazi. Ndani palikuwa shwari. Zilitoka sufu, nafaka na samaki. Ziliingia mvinyo wa Ufaransa, mbao na bidhaa za nchi za kaskazini. Mashujaa wa msalaba waitwao Watempla walikuwa na makao yao hapo, na wale waliokuwa mabenki ya zama zile hawakuwa watu wa kuweka ofisi pasipo na fedha. Baadaye wakaja watawa wa mashirika ya Wafransisko na Wadominika. Kulikuwa pia na hospitali ya wakoma nje ya mji, na kipande cha kanisa lake bado kimesimama.

Mwaka 1173, katika uasi dhidi ya Mfalme Henry II, mtemi Robert wa Leicester alifika na jeshi akidhani mji wa wavuvi na wafanyabiashara utamfungulia lango. Haukufungua. Mshairi wa wakati ule, Jordan Fantosme, anasimulia jinsi wanawake na wasichana walivyobeba mawe hadi kwenye boma ili wanaume wayarushe. Leicester akaondoka mikono mitupu. Mwaka 1199 Mfalme John akautunuku mji hati ya kujitawala: kuwa na mahakama yake, kukusanya ushuru wake, kuendesha mambo yake bila kunyanyaswa na maofisa wa jimbo. Kuanzia 1298 Dunwich ikawa inapeleka wabunge wawili London. Hati na viti hivyo viwili tuviweke akiba, vitarudi.

Bahari inavyofanya kazi pale

Pwani ya Suffolk haina mwamba. Gema la Dunwich, ule ukuta wa ardhi unaotazama maji, ni mchanga na changarawe zilizotandazwa na bahari za kale kiasi cha miaka milioni mbili iliyopita, na hazijashikana kuwa jiwe. Unaweza kuukwangua kwa kidole. Mawimbi yakifika kwenye mguu wa gema yanachimba pale chini, sehemu ya juu inakosa pa kuegemea, inaanguka. Kisha mawimbi yanasomba kifusi, mguu unabaki wazi tena.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wakifikiri habari yote ni kula ardhi. Kuna upande wa pili. Ule mchanga unaosombwa haupotei. Upepo na mawimbi ya kutoka kaskazini-mashariki yanafika ufuoni kwa mshazari, na kila wimbi linasogeza punje hatua kidogo kuelekea kusini. Mabilioni ya punje, mwaka hadi mwaka, yanatembea kando ya pwani kama msafara. Zikifika kwenye mlango wa mto, mkondo unazizuia zisivuke moja kwa moja, zinaanza kujijenga kuwa ulimi unaoota kusini mbele ya mlango. Kingsholme ilizaliwa hivyo. Bahari iliyokuwa ikila mji ndiyo iliyoujengea bandari, kwa mchanga wa magema ya jirani.

Na ulimi wa namna hiyo hautulii. Unarefuka, unasukuma mlango mbele, unapinda, wakati mwingine unapasuka. Mji unaoutegemea umejenga uchumi wake juu ya kitu kinachotembea.

Halafu kuna dhoruba. Bahari ya Kaskazini ni pana na yenye kina upande wa juu, lakini kadiri unavyokwenda kusini inakuwa nyembamba na haina kina, hadi mlango bahari wa Dover. Kimbunga cha baridi kinapopita, mambo mawili hutokea kwa pamoja: hewa inapungua uzito na maji yanainuka chini yake, na upepo wa kaskazini unayasukuma maji hayo kwenye ile sehemu nyembamba ambako hayana pa kwenda ila juu ya pwani. Ikisadifu bamvua, maji yanapanda mita kadhaa kupita kiwango cha kawaida. Mfano wa karibuni watu wanaoukumbuka ni usiku wa tarehe 31 Januari 1953, watu 307 walipokufa katika pwani ya Uingereza na zaidi ya 1,800 Uholanzi.

Mlango unafungwa

Karne ya 13 ilipofikia mwisho, dhoruba za aina hiyo zilifuatana. Usiku wa mwaka mpya wa 1286 maji yaliusomba upande wa mashariki wa mji na kuujeruhi mlango wa bandari. Mwaka uliofuata yakarudi. Desemba ile ya 1287 ndiyo iliyoua maelfu ya watu ng'ambo, katika nchi za Uholanzi na Ujerumani. Wenyeji hawakukaa kitako. Walichimba, wakafungua njia upya, meli zikaendelea kuingia. Wafransisko walihamishia nyumba yao upande wa bara mwaka 1290, mbali na maji, katika uwanja ambao magofu yao yanaonekana hadi leo.

Kisha usiku wa tarehe 14 Januari 1328 dhoruba ikasukuma kokoto za Kingsholme mpaka mlango ukafungika kabisa. Mto ukabaki hauna pa kutokea. Ukageuka kaskazini, ukajipasulia njia mpya karibu na Walberswick, kilomita kadhaa kutoka gati za Dunwich. Safari hii majembe hayakufua dafu.

Huo ndio usiku ninaouhesabu kuwa wa msiba, na si kwa sababu ya nyumba zilizoanguka. Nyumba zilianguka kabla yake na zikaendelea kuanguka baada yake. Kufikia 1347 zilizokuwa zimekwenda ni kama 400, pamoja na maduka na vinu vya upepo, na parokia nzima kadhaa zilifutika katika karne ileile. Lakini mji wenye bandari hai hujenga tena. Tumeona kwamba ile ya 1086 ilikua huku ikiliwa. Baada ya 1328 mfanyabiashara aliyeanguka nyumba yake alijiuliza swali jipya: kwa nini nijenge tena hapa, wakati meli zinashusha mizigo Walberswick? Wenye mali wakaanza kuondoka. Miaka 20 baadaye Tauni Kuu ikapita Uingereza nzima na kupunguza hata wale waliobaki. Mji ukiwa na watu wachache na fedha kidogo, hauna wa kupigilia magogo ufuoni wala wa kulipia kazi hiyo, na gema likapata nafasi.

Dunwich haikukubali kirahisi. Ilishikilia hati yake ya kifalme na kudai kwamba popote mto utakapotokea, ile bado ni bandari ya Dunwich, kwa hiyo kila meli inayoingia Walberswick au Southwold ni lazima ilipe ushuru kwa Dunwich. Kisheria hoja ilikuwa na miguu. Lakini hebu fikiria nahodha aliyepita njia mpya, akashusha mzigo kwa jirani, kisha akatakiwa kulipa mji ambao hakuuona. Kesi na ugomvi wa ushuru ukawa wa vizazi. Wakati huohuo mji ulikuwa ukimwandikia mfalme kumwomba apunguze kodi yake, na mara kadhaa alipunguza. Walisema ukweli kote kuwili: kwa majirani, sisi ni bandari, kwa mfalme, hatuna kitu.

Maisha yaliendelea kwa kipimo kidogo. Katika karne za 15 na 16 wavuvi wa Dunwich walikuwa wakisafiri hadi Iceland kuvua chewa wa kaskazini, safari ya miezi. Ila wao walikuwa wavuvi wa mji wa wavuvi, na siku za mvinyo na Watempla zilikuwa zimekwisha.

Karne nne za kuporomoka

Mwaka 1587 mpimaji Ralph Agas alichora ramani ya Dunwich. Ni hazina, maana inaonyesha mitaa, makanisa na mipaka wakati sehemu kubwa ya mji wa kale ilikuwa imeshaondoka lakini kitovu chake bado kipo. Kila anayetafuta mji ule chini ya maji anaanzia kwa Agas.

Baada yake orodha ni ndefu. Mwaka 1677 bahari ilifika sokoni. Kanisa la St Peter lilimalizika mwanzoni mwa karne ya 18. Dhoruba ya 1740 ilifukua misingi, visima na makaburi. Wenyeji, hata hivyo, hawakuwa watu wa kungoja mali iangukie majini. Kanisa la St John lilibomolewa kwa mikono katika miaka ya 1540 kabla bahari haijalifikia, na desturi ilikuwa kung'oa chochote chenye thamani: mbao, mabati ya risasi ya paa, vioo, na kengele. Kengele ya shaba ilikuwa fedha taslimu. Kwa hiyo yule anayesikia kengele chini ya maji anasikia kitu kilichouzwa zamani kwa parokia nyingine au kwa mfua chuma.

Ushahidi wa picha tunao kwa kanisa la mwisho tu, All Saints. Ibada zake zilikoma katikati ya karne ya 18, likabaki gofu pembeni mwa gema. Mwaka 1904 upande wake wa mashariki ulianza kudondoka, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kamera na kadi za posta, kila hatua ilipigwa picha: leo dirisha, mwaka kesho ukuta, kisha mnara pekee ukiwa umesimama ukingoni, hadi nao ukaanguka 1919. Nguzo moja ya pembeni iliokolewa ikasimamishwa katika uwanja wa kanisa la St James, kijijini, ambako bado ipo. Kwa miaka mingi baadaye mifupa kutoka makaburi ya All Saints ilikuwa ikichomoza kwenye ukuta wa gema, na wageni wakiitazama kutoka ufuoni. Sijui kama nimewahi kusoma utalii wa ajabu kuliko huo.

Husemwa kwamba kasi ya kuporomoka ni wastani wa mita moja kwa mwaka. Wastani huo unadanganya kidogo. Inaweza kupita miaka mingi gema lisipoteze kitu, watu wakaanza kusema bahari imeshiba, halafu usiku mmoja wa baridi ukachukua mita kadhaa kwa mkupuo. Mwenye nyumba ukingoni haishi na wastani. Anaishi na usiku ule.

Wabunge wawili wa kijiji

Sasa turudi kwenye karatasi. Viti viwili vya bunge vya mwaka 1298 vilitolewa kwa mji, na sheria ya Uingereza haikuwa na utaratibu wa kuuliza kama mji bado upo. Karne zikapita, soko likaenda, makanisa yakaenda, na Dunwich ikaendelea kupeleka wabunge wawili, sawa na miji mikubwa kabisa.

Kura zilikuwa mikononi mwa waungwana wa mji, yaani wale walioandikishwa na baraza lake. Wachache kiasi hicho walikuwa rahisi kushikwa. Katika karne ya 18 familia mbili zenye ardhi, Barne na Vanneck, zilikuwa zimepata ushawishi wote, zikaelewana: kiti kimoja changu, kimoja chako. Kampeni ya nini tena? Mwanzoni mwa miaka ya 1830 wapiga kura walikuwa 32 hivi. Manchester, yenye wakazi zaidi ya 100,000 na viwanda vilivyokuwa vikiipeleka nchi mbele, haikuwa na mbunge wake hata mmoja.

Waingereza waliyaita maeneo ya namna hii majimbo mabovu, na Dunwich ikawa mfano wa kutolewa kila mjadala ulipopamba moto, kwa sababu lipi bovu kuliko jimbo lililo baharini? Watu walitania kwamba wapiga kura wake walikwenda kwa mashua kupiga kura juu ya mahali ukumbi wa mji ulipokuwa. Utani tu, kijiji hakikuwahi kwisha chote. Sheria ya Mageuzi ya 1832 ilifuta majimbo 56 ya aina hiyo kwa siku moja, Dunwich ikiwemo. Mwaka huohuo kijiji kilipata kanisa lake jipya la St James, lililojengwa kwa busara upande wa bara.

Baraza la mji lenyewe, na hati yake ya Mfalme John, liliponyoka. Liliendelea kukutana kwa nusu karne nyingine, likiwa baraza la mji lisilo na mji, hadi lilipovunjwa 1886. Mali iliyobaki ilikabidhiwa kwa wakfu wa kijiji.

Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayofunza zaidi kuhusu Uingereza ya zamani. Bahari iliimaliza bandari kwa usiku mmoja na soko kwa miaka 350. Kufuta haki iliyoandikwa na kupigwa muhuri kulichukua zaidi ya karne tano tangu sababu yake itoweke, kwa kuwa wapo waliofaidika nayo.

Kilicho chini ya maji

Wapiga mbizi walianza kuyatafuta magofu kwa dhati mwaka 1971. Asiyeyajua maji yale aweza kufikiri ni kama kuogelea juu ya matumbawe. Maji ya pwani ya Suffolk yamejaa tope. Mara nyingi mzamiaji haoni mbele ya mkono wake, na mengi yaligunduliwa kwa kupapasa. Kuanzia 2008 kundi la Profesa David Sear wa Southampton lilitumia sona, vyombo vinavyotuma sauti na kuchora umbo la sakafu ya bahari kutokana na mwangwi wake, kisha wakalinganisha na ramani ya Agas.

Waliyoyapata ni magofu ya mawe kwenye kina cha kati ya mita 3 na 10, yakiwemo ya makanisa ya St Peter na St Nicholas. Hakuna mitaa yenye nyumba zilizosimama. Na isingewezekana kuwepo: mji huu haukuzama ukiwa mzima, kama unavyozama mji ardhi inapodidimia. Ulidondoka kutoka juu ya gema, jengo moja baada ya jingine, ukavunjikia ufuoni, kisha ufuo ukahama. Nyumba za kawaida zilikuwa za mbao na udongo, zikasombwa. Makanisa yalikuwa ya mawe mazito, yakabaki marundo pale yalipoangukia. Sehemu kubwa ya yaliyobaki imefunikwa na mchanga.

Mbona hawajengi ukuta?

Swali hili huulizwa na kila mgeni. Pwani yote ya Uingereza imegawanywa vipande, na kila kipande kina mpango wenye moja ya njia nne: kushikilia mstari ulipo, kusogea mbele baharini, kurudi nyuma kwa utaratibu, au kuacha maumbile yafanye kazi. Ukuta hugharimu mamilioni, na penye nyumba chache hesabu ya faida haitoshi kuulipia. Ndiyo sababu ya kwanza, na haina huruma.

Sababu ya pili inarudi kwenye ule msafara wa mchanga. Magema yanayoporomoka ndiyo yanayolisha fukwe za kusini. Ukilizuia gema moja, umemnyima jirani mchanga, na ufuo wake unakonda. Kilomita chache kusini ya Dunwich iko Sizewell, penye vituo vya nguvu za nyuklia: cha kwanza kilizimwa 2006, cha pili kinafanya kazi tangu 1995, cha tatu kinajengwa. Mbele ya pwani hiyo, chini ya maji, kuna fungu refu la mchanga linalovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Linatokana kwa sehemu na magema yaleyale yaliyoanguka.

Na hapa kuna jambo ambalo hadithi haina nafasi nalo: katika karne ya 20 kasi ya kuporomoka kwa Dunwich ilipungua sana ikilinganishwa na zamani. Maelezo mojawapo ya wanasayansi ni kwamba lile fungu limekua kuelekea kaskazini na sasa linakikinga kijiji chenyewe. Likihama au likipungua, au kina cha bahari kikizidi kupanda kama kinavyopanda, kinga hiyo itapungua nayo. Magofu ya Wafransisko, wale waliohamia bara mwaka 1290 kukimbia maji, ukuta wao wa mashariki sasa uko karibu na ukingo.

Anayetaka kupaona ashuke kituo cha treni cha Darsham, kilomita kama tisa kutoka kijijini, na aanzie makumbusho, ambako kuna mfano wa mji wa kale. Bila huo mfano ufuo utamwonyesha kokoto tu. Asipumzike chini ya gema, hasa baada ya mvua. Kusini ya kijiji kuna nyika ya vichaka, Dunwich Heath, inayogeuka zambarau mwezi Agosti. Jioni za kiangazi husikika huko ndege wa jamii ya kirukanjia wakikoroma kama cherehani. Virukanjia wa Uingereza waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari zao walionekana wakivuka Sahara na kukaa miezi ya baridi kusini mwa Kongo. Upande wa pili wa nyika ni hifadhi ya Minsmere, ambayo mabwawa yake yalifurikishwa makusudi mwaka 1940 ili kuzuia Wajerumani wasishuke pwani, na ndege wa majini waliokuwa wametoweka nchini kwa karibu karne nzima wakarudi kutaga humo 1947.